Mavyaa asema nataka kukodi mama

Assalamu alaykum Somo,

Nina mimba ya kwanza, nimeingia wiki ya 33. Naishi Likoni, ua mmoja na mavyaa, na kila asubuhi navuka feri kwenda kazini kisiwani, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mume wangu ni baharia. Meli yake haitamrudisha nyumbani mpaka mtoto atimize miezi miwili hivi. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa shuleni. Nayataja haya ujue kwamba siku ya uchungu sina mtu ila mavyaa.

Na mavyaa si mtu mbaya. Amezaa watoto 7, watano kati yao nyumbani, mikononi mwa mkunga wa mtaa. Nilipokuwa natapika miezi ya mwanzo ndiye aliyenishika kichwa. Ananikataza kubeba ndoo, ananiwekea ndimu na chumvi, na alikwisha kuninunulia leso mbili za kunifunga tumbo nikishazaa.

Mwezi uliopita rafiki yangu aliyejifungua mwaka jana akanieleza habari za dula: mwanamke aliyejifunza kukaa na mjamzito wakati wa uchungu, kumkanda mgongo, kumpa moyo, kisha kumtembelea nyumbani baada ya kuzaa. Akanipa namba ya mmoja aliye hapa Mombasa. Tulikutana, tukakaa saa nzima. Jambo la kwanza aliloniuliza ni, "Unaogopa nini?" Somo, nililia. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Ada yake ni karibu nusu ya mshahara wangu wa mwezi, lakini nimeweka akiba.

Kosa langu ni kwamba nilimwambia wifi kabla ya mavyaa. Jioni ile ile mavyaa akaniita barazani akasema, "Nasikia wataka kukodi mama." Sikuwa na jibu. Kesho yake nikakuta zile leso juu ya kitanda changu, zimekunjwa, bado zina wanga wa dukani, na yeye alikuwa ameniahidi atanifulia ziwe laini. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu. Mume wangu nilipompigia alisema, "Mfuate mama, yeye anajua."

Lakini naogopa. Mke wa shemeji alipojifungua alikandwa kwa maji ya moto mpaka ngozi ya tumbo ikababuka, na mtoto akalambishwa asali siku ya kwanza. Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Siku moja tulikwenda kumwangalia jirani aliyezaa, na mavyaa akasema kwa fahari, "Kwetu mwanamke hazai kwa makelele. Mimi wote saba hata wa chumba cha pili hakusikia." Mimi ni mtu wa kulia, Somo.

Hospitali niliyojiandikisha inaruhusu mtu mmoja tu kuingia leba. Nimchague nani? Na huyu dula nimwamini, au nimevutwa tu na maneno matamu?

Mvuka feri, Likoni

*

Waalaykumu salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale: "Mimi ni mtu wa kulia." Mengine yote nitayafikia, ada, leso na maneno ya barazani. Lakini hata kama ungeniandikia sentensi hiyo peke yake, swali lako la nani aingie leba lingekuwa na jibu. Aingie yule ambaye mbele yake unaweza kulia.

Kabla ya kustaafu nilikuwa mkunga wa hospitali, na wanawake wanaobana sauti nimewaona wengi. Wanauma ncha ya leso, mabega yamepanda hadi masikioni, vidole vya miguu vimejikunja. Namkumbuka mmoja, msichana wa umri wako, usiku ambao wauguzi tulikuwa wawili kwa wodi nzima. Kila nilipompita alikuwa kimya, na mimi kwa uchovu wangu nikauhesabu ule ukimya kuwa ni nafuu. Aliyemtambua ni mama mfagiaji. Aliweka ufagio ukutani, akanawa mikono, akasimama nyuma yake na kumsukuma kiunoni kwa viganja viwili, hapa chini kabisa juu ya makalio, kila uchungu ulipopanda. Akamwambia, "Toa sauti mwanangu, toa, hapa hakuna mwenyewe." Yule binti akatoa mlio mzito kutoka tumboni, na nikaona kwa macho yangu mabega yakishuka. Yule mama mfagiaji hakuwa amesomea lolote. Tangu usiku ule sijamwacha mzazi kimya nikadhani yuko salama.

Na mwili una sababu zake. Hofu na aibu huamsha adrenalini, na adrenalini huivuruga oksitosini, ile homoni inayoleta uchungu na kufungua njia. Ndiyo maana mtu mmoja anayetulia karibu yako ana uzito kuliko anavyoonekana.

Hili limepimwa. Nchini Guatemala walilinganisha wanawake waliojifungua peke yao, kama ilivyokuwa desturi ya hospitali ile, na wengine waliowekewa mwanamke wa kukaa nao ambaye hata hawakumjua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980. Kwa wale ambao uzazi wao haukuwa na matatizo, waliokuwa na mwenzao walichukua wastani wa saa 8.8 tangu kulazwa hadi kujifungua, na waliokuwa peke yao saa 19.3. Usiende ukitarajia tofauti kubwa namna hiyo. Mapitio ya mwaka 2017 yaliyokusanya majaribio 26, ya wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi 17, yanaonyesha uchungu kupungua kwa dakika kama 40 hivi. Yanaonyesha pia kwamba mwenye msaidizi asiyemwacha ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida na haja ndogo ya dawa za maumivu, na akiulizwa baadaye ni mara chache kusema kwamba uzazi wake ulikuwa mbaya. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2018, lilipendekeza kila mwanamke awe na msaidizi aliyemchagua mwenyewe muda wote wa uchungu. Nakuomba ulishike hilo la kujichagulia. Hujaomba anasa.

Sasa dula mwenyewe. Neno ni la Kigiriki, maana yake mwanamke mtumishi, na mwanaanthropolojia wa Marekani, Dana Raphael, ndiye aliyelitumia katika mambo ya uzazi, mwaka 1973. Jina ni geni, ila kazi yenyewe bibi zetu waliifanya: yule jirani aliyekaa nyuma ya mzazi akamwegemeza kifuani wakati mkunga yuko mbele. Dula ni wa nyuma. Hapimi njia imefunguka sentimita ngapi, hachomi sindano, hapokei mtoto, na hakuamulii. Yeye hushika mgongo, hukukumbusha kunywa maji, hukubadilisha mkao, na muuguzi akisema jambo usilolielewa hukusaidia kuuliza.

Hapa kwetu wauguzi na wakunga husajiliwa na Baraza la Wauguzi. Madula hawana baraza la kuwapa leseni, kwa hiyo mtihani ni wako. Mwulize alijifunza wapi na amekaa na wazazi wangapi, na akupe akina mama wawili uzungumze nao bila yeye kuwepo. Mwulize nani atakuja kama ana homa siku yako, au kama yuko kwa mzazi mwingine. Anaanza kukaa tayari wiki ya ngapi? Mzigo ukienda hadi upasuaji atakusubiri, au kazi yake imekwisha? Atakuja nyumbani mara ngapi baada ya kuzaa? Yaandikeni, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari, mtie sahihi wote wawili, na usilipe ada yote kwa mkupuo. Sehemu ibaki mpaka ziara ya mwisho ya nyumbani.

Kuna mambo mawili ukiyasikia uondoke hata kama maneno yake ni asali. La kwanza ni akikuambia kliniki si lazima, au akikushauri ukatae hospitali. La pili ni akitoa majani au dawa yoyote ya kuzidisha uchungu. Dawa hizo zinaweza kupasua kizazi, na hilo nimelishuhudia, sitaki kulieleza.

Alichokuuliza yule, unaogopa nini, ni swali zuri, na mtu anayeanza kwa kukusikiliza kabla ya kutaja bei amenipa matumaini. Lakini saa moja haitoshi. Kutana naye tena kabla ya wiki ya 36, na safari hii umuulize wewe.

Kabla ya kumpa senti, nenda hospitali. "Mtu mmoja" wana maana gani? Wapo wanaokubali ndugu tu, na wapo wanaokubali zamu ya mchana lakini zamu ya usiku ikafunga mlango. Zungumza na muuguzi mkuu wa wodi ya uzazi, uulize kama mtu wako anaweza kuwa asiye wa ukoo na kama watu wawili wanaweza kubadilishana mlangoni. Wakikubali, omba waandike katika kile kitabu chako cha kliniki, na jina la aliyekubali. Usiku wa manane maandishi husikilizwa kuliko machozi.

Halafu feri. Huyo dula anakaa upande gani? Kama yuko Nyali na wewe Likoni, kati yenu kuna bahari, foleni na daraja. Kubalianeni sasa kama atakufuata nyumbani au mtakutana hospitalini, na uwe na namba mbili za madereva wa tuktuk walio tayari usiku. Mimba ya kwanza mara nyingi haina haraka, lakini wewe usisubiri mpaka mwisho kama wanaokaa mkabala na hospitali. Uchungu ukishajipanga, ukija kila dakika tano na kukaa, vuka. Chupa ikipasuka, ukiona damu, au mtoto akipunguza kucheza, usihesabu dakika zozote. Ondoka saa hiyo hiyo, na mavyaa awe nawe chomboni.

Ndiyo, mavyaa awe nawe. Hapa ndipo naona umelisimamisha jambo vibaya, na si kosa lako, hata wao wamelisimamisha hivyo hivyo. Umeliweka kama kiti kimoja kinachogombewa na watu wawili. Uzazi una kazi mbili mbalimbali. Ya kwanza ni ya saa chache za leba, na hiyo nimekwisha kukuambia ni ya nani. Ya pili ni ya arobaini: siku 40 za uji wa pilipili manga, za kuamka usiku, za kumwogesha mtoto na kumshika wewe ulale. Dula wako atakuja mara mbili au tatu, akae saa mbili, aende zake. Hakuna ada utakayoimudu itakayokuletea mtu wa siku 40, na huyo mtu unaye ua mmoja nawe, ameshakununulia leso.

Leso hizo si kitambaa tu, mwanangu. Kile kitambaa anachofungwa mzazi tumboni ndicho mkaja. Na binti akiolewa, katika yanayotolewa kwa mama yake kuna fungu linaloitwa mkaja, kwa kukumbuka kitambaa alichojifunga siku alipomzaa. Mavyaa alipokwenda dukani kukuchagulia leso zile alikuwa anasimama mahali pa mama yako aliyefariki. Kisha akasikia kutoka kwa mtu mwingine kwamba nafasi hiyo imetafutiwa mtu wa kulipwa. Neno lake la barazani lilikuwa kali na halikukustahili, lakini lilitoka kwenye jeraha.

Kuhusu kukandwa, usimkatalie kazi nzima kwa sababu ya moto wa maji. Kukandwa mgongo na miguu kwa leso iliyolowa maji ya uvuguvugu, na mafuta ya nazi baadaye, kunampumzisha mzazi vizuri sana. Maji yajaribiwe kwa kiwiko cha mkono. Kiwiko kikiyakimbia, tumbo lako pia litayakimbia. Tumbo lisikandamizwe kwa nguvu, nyuzi zisiguswe, usikalie mvuke wa sufuria. Ukipasuliwa, tumbo liachwe kabisa mpaka daktari aseme, na hata mkaja umuulize kwanza. Asali mtoto asilambe mpaka atimize mwaka mmoja, maana inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo changa halivimudu. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, na kwenye kitovu kisipakwe ila kile ulichopewa kliniki.

Haya usimwambie wewe. Mkwe kumfundisha mavyaa uzazi ni mlima, na huna haja ya kuupanda na tumbo la wiki 33. Mwombe afuatane nawe kliniki ijayo, kisha umwambie muuguzi mapema, pembeni, ayaeleze mbele yenu wote. Mama wa watoto 7 akisikia kwa mtu wa kazi, tena akaulizwa na yeye maoni yake, mara nyingi hulipokea. Dula wako naye mlete nyumbani. Anywe chai barazani, amsalimie mavyaa kabla yako, amuulize jinsi alivyozaa wale 7. Dula asiyejua kumpa heshima mama wa nyumba hiyo hakufai, hata awe na vyeti ukutani.

Kuna ishara ambazo wote wawili wazijue, na mavyaa zaidi, kwa kuwa ndiye atakayekuwa nawe usiku. Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, kichwa kikiuma bila kusikia dawa, macho yakiona ukungu, homa, uchafu wenye harufu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukatika: hospitali, papo hapo. Presha ya uzazi inaweza kuja hata baada ya mtoto kutoka, wengi hawalijui hilo. Mtoto asiyenyonya, mwenye joto kali au baridi, au aliyegeuka manjano hadi viganjani, naye vivyo hivyo. Arobaini haizuii kliniki. Na machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida, lakini majonzi yakipita wiki mbili, ukawa huwezi kulala hata mtoto akilala, au huoni raha ya chochote, sema. Mwambie dula, mwambie muuguzi siku ya chanjo ya wiki ya 6 kama hukuweza mapema. Hayo ni maradhi na yana tiba.

Mume wako yuko baharini na amejibu kama mtoto wa mama yake, simlaumu sana. Usimpe kesi ya kuamua kati yenu. Mpe kazi moja: ampigie mama yake amshukuru kwa kukulea wewe, na asitaje dula hata kidogo. Hilo lingine ni lako.

Na ulifanye jioni hii. Usipitie kwa wifi. Zichukue zile leso mbili jinsi zilivyo, na wanga wake, umfuate mavyaa alipo, ukae chini. Mwambie, "Mama, nilikosa kukuacha ukasikia kwa mtu mwingine, nisamehe." Kisha mwambie la kweli, lile uliloniambia mimi: kwamba wewe ni mtu wa kulia, na unaona haya kulia mbele yake kwa sababu unamheshimu. Mwambie yule mwanamke ni wa saa zile za leba tu, na kwamba unamwomba yeye awe mlangoni, awe wa kwanza kumpokea mjukuu mikononi, na arobaini yote iwe yake. Huenda akanyamaza. Mwache anyamaze. Halafu mpe leso, umwambie bado hazijafuliwa.

Somo